Kibao cha Korongo la Fungo

Puani!

Tumeziba!

Zibeni hasa, msiache tundu, maana hadithi hii inanuka toka mwanzo hadi mwisho. Na mwenye andazi mkononi aliweke chini, asije akanilaumu.

Palikuwa na watu watatu mtaa wa Kwandizi, Tanga mjini, na kila mmoja Mungu kampa chake.

Wa kwanza Bi Kidawa, mfukiza udi wa maharusi. Huyu kapewa pua. Pua hiyo, jamani! Ukikaanga dagaa mtaa wa pili, yeye huku anakwambia chumvi umesahau. Lakini pua ya namna hiyo ni mzigo. Kila kitu kilimtia kinyaa: bakuli la mgeni, kiti chenye joto la mtu, hata kicheko chenye mate. Alitembea na leso ya kijani yenye tarizi na marashi, kaibana puani, na kila hatua tatu, ptu! mate chini. Basi mtaa ukamwita Kidawa Ptu. Na kwa vile hakujaaliwa mtoto wa kumfanya aitwe Mama Fulani, hilo Ptu ndilo jina lililombakia. Miaka hamsini na mitano duniani, halafu watu wakuite mate! Akijifungia chumbani alikuwa analia.

Wa pili Somoe, mwosha utumbo wa machinjioni. Huyu kapewa mikono. Pale ambapo wewe unashika kwa kijiti, Somoe anashika kwa kiganja, tena anaminya. "Uchafu hauna meno," ndivyo asemavyo. Watu wanakunywa supu yake mpaka wanalamba bakuli, lakini akiwanyooshea mkono awasalimu, wote wanakumbuka wana haraka. Kwenye shughuli hapewi hata mwiko akoroge.

Wa tatu Bwana Shekue, fundi cherehani. Huyu kapewa makalio. Kwa-kwa-kwa! Msicheke, ni kipaji hicho! Akikaa amekaa. Nzi anatua puani kwake, anapumzika, anaosha miguu, anaondoka, Shekue hajapepesa jicho. Mkewe huwaambia majirani, "Wenzangu mliolewa na waume, mimi nimeolewa na kigoda."

Sasa nyuma ya mtaa kuna korongo. Lina miti, lina kijito, na lingekuwa zuri kama si sisi binadamu. Zibeni pua. Watu wa Kwandizi walitupa humo pampasi zilizojaa, vichwa vya samaki, mchele uliochacha, na paka waliokufa. Na Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Semboja, mwenye kanzu nyeupe kama maziwa, yeye alichimbia bomba kutoka choo chake mpaka korongoni. Mvua ikinyesha, anafungulia. Yanashuka hayo, yanaimba. Halafu anakwenda mkutanoni kuhutubia habari za usafi. Ptu! Hapo hata mimi namuunga mkono Bi Kidawa.

Siku moja akaja dada mmoja wa chuo, Dokta Pendaeli, mtu wa kuhesabu wanyama. Akawaambia, "Wazee wangu, mama zangu, wiki hii tunaandika viumbe wote wasiofugwa wanaoishi mjini pamoja nasi. Ukimwona ndege, chura, mjusi, piga picha kwa simu, nitumie, useme umemwona wapi."

Watu wakafurahi! Zikaenda picha mia tatu za kunguru. Mama mmoja akatuma picha ya shemeji yake kalala mchana barazani, akaandika, "Na huyu kashindikana kufugwa." Dokta akacheka mpaka akakaa chini. Lakini akasema, "Wazee wanasema zamani humu korongoni alikuwapo fungo, yule mnyama wa usiku anayefanana na paka. Kwenye daftari la jiji hana hata mstari mmoja. Mkinipatia uhakika kuwa bado yupo, jiji litaliacha korongo hili liwe pori lake, atakayetupa taka atozwe faini, na litawekewa kibao chenye jina la aliyemgundua. Korongo la Fulani, milele."

Bi Kidawa aliposikia "jina", leso ilimdondoka puani.

Basi Ijumaa hiyo alikuwa anapita njia ya korongoni na chetezo chake, anawahi nyumba ya harusi. Kufika kwenye nguzo ya uzio, harufu ikampiga kofi. Harufu nzito, ya mafuta, kama kwapa la mtu aliyelala na samli. Mtaa mzima ulikuwa unaijua, ulikuwa na siku nyingi unaisikia. Wengine walisema ni maji ya utumbo wa Somoe. Wengine walisema ni jini mahaba, maana majini yanapenda manukato, wakawa wanachoma ubani pale kila Alhamisi, wanaacha na haluwa. Haluwa inaliwa usiku, wao wanasema, "Mnaona? Kapokea!"

Bi Kidawa akaweka chetezo chini. Akatapika nguzoni, akatapika tena. Halafu, jamani, akaisogelea ile nguzo, pua wazi, bila leso. Kwa sababu katikati ya uvundo ule alimsikia bibi yake. Bibi alikuwa mchanganya marashi wa zamani, na ndani ya pembe ndogo ya ng'ombe aliweka zabadi, ule utoko wa fungo. Ikiwa mbichi unaikimbia. Ukidondoshea tone kwenye mawaridi na udi, bwana harusi anasahau jina la mama yake.

"Hili si jini," akasema, machozi yanamtoka. "Na si utumbo wa mtu. Hii ni zabadi mbichi. Fungo kajipangusa hapa, tena leo."

Akaifuata harufu kichakani, anatapika anakwenda, anatapika anakwenda, mpaka kwenye rundo la mavi kubwa kama sufuria ya shughuli. Fungo ana adabu kuliko sisi, ana choo chake kimoja, anarudi hapohapo. Bi Kidawa akapiga ukelele, akarudi mbio kumwita Dokta. Zaidi ya hapo hakuweza.

Dokta akalitazama rundo akasema, "Inawezekana ni yeye. Lakini daftari halikubali 'inawezekana'. Nataka picha, na korongo ni kubwa. Tungejua anakula wapi..."

Wanaume wakatazama angani. Somoe akakunja mikono ya gauni.

Alikwenda na ndoo na chujio la chai. Nimesema chujio la chai, na usiniulize baadaye alilifanyia nini. Akachota lile rundo kwa kiganja, akalitia maji, akalisugua kama anavyosugua utumbo, tonge kwa tonge, asubuhi nzima, na nzi wamemvika shela. Akapanga kwenye jani la mgomba: magamba ya jongoo, manyoya ya kuku, miguu ya mende, na kokwa za zambarau, nyingi, mbichi bado.

"Dokta, mwanangu," akasema, "mzambarau humu korongoni ni mmoja tu, kule chini kwenye kijito. Huyu bwana anafuturu pale."

Bi Kidawa alikuwa amesimama mbali, upande upepo unakotoka. Somoe akamwendea, akamnong'oneza, "Dada, na hiki nimekikuta humohumo." Akafungua kiganja. Kitambaa cha kijani, kimetafunwa pembe, tarizi yake inaonekana. Leso ya Bi Kidawa! Ehee! Mnadhani zile leso zikichafuka alizifua? Zilimtia kinyaa. Kila Jumatatu akiona njia nyeupe, alifunga ya zamani ndani ya mfuko mweusi pamoja na taka zake, huyoo, korongoni. Msafi wa mtaa! Somoe akakisuuza kile kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni mwa aproni.

Bi Kidawa siku ile hakula.

Ikabaki picha. Fungo hutoka mapambazuko, na akisikia unyoya unaanguka haonekani tena. Vijana walijaribu, mmoja akapiga chafya, mwingine akapigiwa simu na mchumba. Bwana Shekue akaazima simu ya Dokta, akaswali Alfajiri, akaenda kukaa chini ya mzambarau.

Siku ya kwanza alikaa juu ya siafu bila kujua, na alipojua hakusimama. Siku ya pili mbu walimla mpaka kope zikavimba. Siku ya tatu, zibeni pua, zibeni na masikio, ukaja mfuko kutoka juu, nyumbani kwa Mwenyekiti Semboja. Pampasi za wajukuu, za siku nne. Ukampasukia kichwani. Yakashuka. Yakapita sikioni, yakapita shingoni, yakaingia kwenye kola ya shati. Bwana Shekue hakutikisika! Hakufuta hata mdomo! Na kwa kuwa sasa hakunuka tena kama binadamu, au tuseme alinuka kama binadamu hasa, fungo akatoka kichakani na madoa yake na kinyago chake cheusi, akaja hatua tatu kutoka gotini kwake, akaokota zambarau, akamtazama, akakunja pua. Ndiyo, fungo! Alikunja pua!

Picha ikapatikana, safi, hadi sharubu.

Dokta alirukaruka kama mtoto. "Yupo! Ameingia kwenye daftari!" Barua ya jiji ikaja Jumanne ya wiki ya pili: korongo limehifadhiwa, kibao kichorwe, jina liwe moja, la aliyemgundua. Na mwisho wa barua kulikuwa na uchafu kuliko wote niliowasimulia: ikiwa mtaa hautaafikiana kabla ya adhana ya Alasiri ya siku hiyohiyo, kibao kitabeba jina la Mwenyekiti.

Mchora vibao akafika na rangi. Akaandika KORONGO LA, akasimama, brashi inadondosha. Mwenyekiti kakaa pembeni na kanzu yake, anatabasamu, anatazama saa.

"Ni langu," Bi Kidawa akasema. "Nyote mlichomea jini ubani! Bila pua yangu mngemlisha fungo haluwa mpaka leo. Kugundua ni kujua, na mimi ndiye niliyejua."

"Ulijua, ukakimbia," Somoe akajibu. "Mlango uliuona, ufunguo niliutoa mimi, tena niliutoa kwenye mavi. Dada, mimi nataka siku moja watu wataje jina langu bila kujifuta mikono."

Bwana Shekue akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsikia mwaka huo. "Mmoja alinusa, mmoja alipekua. Aliyemwona nani? Macho haya. Na nilichovumilia mnakijua, maana hamnikaribii hata sasa."

"Hamia upande wa pili basi, fundi, upepo unaleta!" mtu akapiga kelele. Watu kwa-kwa-kwa! Lakini mkewe hakucheka. Alisema, "Mwacheni. Leo kigoda changu kina maana."

Wakamgeukia Dokta. Akainua mikono. "Mimi nahesabu wanyama. Binadamu wamenishinda."

Maneno yakapanda. Bi Kidawa akasahau, akapayuka, "Hivi mnataka jina la nani kwenye korongo safi? La mtu wa utumbo? La mtu aliyeoga pampasi? Mimi sijawahi kulichafua!"

Somoe akatia mkono mfukoni.

Bi Kidawa akamwona. Mate yakamkauka. Akaliona jina lake likiandikwa upya pale pale mbele ya mtaa mzima, na lile la Ptu likawa tamu kulinganisha na litakalokuja.

Somoe akautoa mkono, kaufumba. Akamnyooshea. "Tushikane mikono, dada. Atakayepata apate, tusigombane mbele ya yule mwenye bomba."

Mkono ule! Wa utumbo, wa mavi ya fungo, ambao hakuna aliyewahi kuupokea. Bi Kidawa akautazama. Akaushika. Na ndani ya kiganja akaisikia leso, imekunjwa ndogo, bado ina unyevu, inapita kutoka mkono kwenda mkono. Hakuna aliyeona. Somoe alikuwa na kitu kimoja cha kumshinda nacho, naye akamrudishia.

Bi Kidawa hakutema mate. Alisimama na uvundo wake mwenyewe mkononi, akamtazama Somoe, akamtazama Shekue aliyekuwa peke yake upande wa pili wa upepo, akafungua mdomo aseme jambo.

Msikitini spika ikakwaruza. Mwadhini alikuwa anakohoa, anaweka koo sawa. Mwenyekiti akasimama, akanyoosha kanzu.

"Jina, jamani!" mchora vibao akalia. "Rangi inaganda!"

Haya, toeni mikono puani, brashi ninyi mnayo. Aliyenusa, aliyepekua, au aliyekaa? Na ile leso, inayojulikana na wanawake wawili tu na sasa ninyi, mtaihesabu au mtaifumbia kiganja kama Somoe? Semeni upesi kabla yule mwadhini hajamaliza kukohoa, maana mkinyamaza, mnajua ni jina la nani litakaa pale.

Haya, wewe uliyejificha nyuma na andazi lako: mwandike nani?