Kidawa Aliyejiitikia Mwenyewe

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Naam. Sasa najua siko peke yangu. Sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na mkuyu mkubwa kando ya mto mkavu. Ndani ya mkuyu palikuwa na tundu. Ndani ya tundu aliishi Kidawa, binti wa Hondohondo.

Mnamjua hondohondo? Ndege mwenye mdomo kama koleo. Akitaga, huziba mlango wa tundu kwa udongo. Hukandika, hukandika, hukandika, mpaka ubaki ufa mwembamba wa kupitishia chakula. Makinda wakikomaa, udongo huvunjwa. Ndiyo desturi yao.

Lakini kwa Kidawa udongo haukuvunjwa. Kaka yake aliyemtangulia alitoka mapema, na Kenge alikuwa chini akingoja. Likabaki nyoya moja. Siku hiyo Mama Hondohondo akaapa: "Huyu mwingine hatoki. Shule yake nitakuwa mimi. Kila kitu atakipata humu humu."

Na kweli alikipata. Kila asubuhi mama alisimama penye ufa akafundisha. Kidawa akajua kuhesabu. Akajua matunda yote na majira yake. Akajua pepo zinakotoka na zinakokwenda. Akajua vitendawili mia na majibu yake mia.

Alasiri watoto wa wanyama walitoka shuleni. Pu! pu! pu! wakarukia mchanga wa mto mkavu. Kidawa akaweka jicho penye ufa. Hakuona mtu. Ufa ulielekea upande mwingine. Alisikia vicheko tu. Vicheko vikaja, vikapita, vikaenda zao.

Basi akacheza mwenyewe. Akagonga ukuta kwa mdomo, ko! ko! ko!

"Hodi!"

Akageuka upande wa pili, akabadilisha sauti. "Karibu!"

"Kitendawili!"

"Tega!"

Akatega. Akategua. Akajipigia makofi kwa mabawa, pwa! pwa! Kisha kimya.

Aliyeita ni yeye. Aliyeitika ni yeye.

Siku zikaenda. Kidawa akaanza kuacha chakula. Zambarau likapita penye ufa, likalala sakafuni. Kuyu likapita, likalala juu ya zambarau.

"Mwanangu, mbona huli? Unaumwa wapi?"

"Siumwi, mama. Kumekuwa kimya."

"Kimya si ugonjwa."

"Mama, wewe ukiita, baba anaitika. Mimi nikiita, ananiitika nani?"

Mama Hondohondo, mwalimu wa vitendawili mia, akalala akiliwaza swali hilo.

Kesho yake akavunja udongo. Akamshusha Kidawa tawi kwa tawi, maana mabawa yake hayakuzoea, mpaka mchangani. Walikuwepo Ngedere, na Ngiri, na Kanga, na nyuma yao kabisa Pimbi.

"Shikamoo, mama Kidawa," wakasema.

"Marahaba. Haya, huyu ndiye Kidawa. Ana akili sana. Chezeni naye. Msimsukume. Wewe Ngiri, rudi nyuma na mapembe yako."

"Si mapembe, mama Kidawa. Ni meno."

"Hayo hayo!"

Mama akatua juu ya jiwe, katikati yao, akakodoa macho. Watoto wakakaa duara.

"Kitendawili!" akaita.

Na kabla hawajafumbua midomo, akasema, "Tega!" Akatega. Akategua. Akajipigia makofi.

"Sasa sisi tuseme nini?" akauliza Kanga.

Ngedere akatega chake. Kidawa akakijibu kikiwa nusu. Kanga akatega. Kidawa akajibu. Ngiri akatega. Kidawa akajibu. Mama akapiga kelele juu ya jiwe, "Mnamwona? Mnamwona?"

Ngedere akamgeukia Ngiri. "Huyu anacheza na nani?"

"Anacheza na Kidawa."

"Basi tuwaache wacheze."

Wakaondoka, mmoja mmoja. Pimbi peke yake alibaki. Alikuwa na neno la kusema. Lakini Pimbi hufikiri kwanza, na alipokuwa bado anafikiri, Mama Hondohondo alikuwa amekwisha kumchukua mwanawe.

Walipofika tunduni Kidawa akasema, "Mama, kandika."

"Mwanangu, labda kesho..."

"Kandika. Na ule ufa tuzibe."

Mama akalia kidogo. Akamwachia udongo mbichi, akaenda kisimani kuchota mwingine. Kidawa akaanza kukandika kutoka ndani. Ta! ta! ta! Ukuta ukapanda. Mwanga ukapungua. Kwa mazoea tu akaita, "Kitendawili!" akainama, akachota udongo tele mdomoni.

Akataka kusema tega. Udongo ukamkataza.

Kukawa kimya.

Kimya tena.

Chini ya mkuyu kikasikika kisauti: "Tega."

Udongo ukamdondoka Kidawa, pwata!

"Nani wewe?"

"Mimi Pimbi."

"Umekuja lini?"

"Mimi huja kila siku, tukishacheza. Hukaa hapa kwenye mzizi. Ukisema hodi, nafungua mdomo niseme karibu, wewe umeshasema. Ukisema kitendawili, nataka niseme tega, umeshasema. Mimi mzito kidogo. Nikadhani una mgeni humo ndani."

"Sina mgeni."

"Nimejua leo, pale mchangani. Haya, nimesema tega. Tega basi."

Kidawa akatega: "Mgeni wangu wa kila siku, huingia bila hodi, hutoka bila kwaheri."

Jibu likamjia papo hapo. Likamwasha ulimi. Akanyakua bonge la udongo, akalibana mdomoni, akangoja. Pimbi akafikiri. Jua likavuka tawi moja. Pimbi akafikiri.

"Usingizi?"

Kidawa akatema bonge. "Sio." Akalibana tena.

"Njaa?"

"Sio."

"Panya wa kwetu? Hana adabu yule."

"Sio!" Na Kidawa akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchekea neno ambalo hakulisema yeye.

"Nimeshindwa," akasema Pimbi.

Nanyi mnajua: anayeshindwa kitendawili hutoa mji. Kidawa aliijua desturi hiyo, lakini hakuwahi kudai. Anayejitegea na kujitegulia, nani ampe mji?

"Basi nipe mji."

"Nakupa mto mkavu."

Kidawa akasema, "Huko nimekwenda. Nimerudi."

"Ulikwenda na mama yako. Mji wangu ni wa kwenda na mimi."

"Wakinicheka?"

"Watakucheka. Hata mimi wao hunicheka. Ngedere ananiita Jibu-Kesho. Akishacheka, hunigawia tunda."

Juu yao, kwenye tawi, Mama Hondohondo alikuwa ametua na udongo wake mdomoni. Alikuwa amesikia yote. Akautazama ukuta. Akalikumbuka lile nyoya. Hofu haikumtoka, hofu ya mama haitoki upesi. Lakini akautema udongo. Akagonga, ko! ko! ko!

"Hodi!" akasema mama, ambaye hakuwahi kubisha hodi pale.

"Karibu, mama."

Ukuta ukaanguka, gubu!

"Aliyepewa mji hafungiwi," akasema mama. "Asubuhi ni yangu, tutasoma. Alasiri ni ya mji wako. Mimi nitakaa juu ya mkuyu nimtazame Kenge. Ninyi sitawatazama."

Wakashuka wawili mpaka mchangani, wale wengine walikokuwa wamerudi kucheza. Ngedere akawaona. "Haya, amerudi Kidawa na mwenzake Kidawa!"

Kidawa akatamani tundu lake. Pimbi akamsogelea, ubavu kwa ubavu.

"Kitendawili!" akaita Kidawa, akaubana mdomo.

Kimya. Kimya kirefu kuliko vyote alivyowahi kuvisikia. Na wasipoitika? Mchanga ukameremeta. Kanga akamtazama Ngedere. Ngedere akajikuna.

"Tega basi!" akafoka Ngiri. "Unatuchelewesha!"

"Tega!" akasema Kanga.

"Tega!" akasema Ngedere.

Na mwisho kabisa, wenzake wote wameshasema, Pimbi akasema, "Tega."

Siku ile Kidawa hakupata marafiki kumi. Alipata mmoja, na watatu wa kubishana nao. Alasiri iliyofuata akarudi. Na iliyofuata. Siku nyingine walimcheka, akarudi nyumbani mnyonge. Kesho yake akashuka tena.

Lakini asubuhi ya kwanza, baada ya siku ile ya mji, alisikia mkwaruzo kwenye mzizi.

"Hodi!"

Kidawa akatoa kichwa nje. Pimbi alikuwa anahema, hajalala vizuri.

"Ni mwanga wa jua," akasema Pimbi. "Yule mgeni wako wa jana, ambaye hukunitajia. Ni mwanga wa jua."

"Ndiye," akasema Kidawa. "Karibu."

Aliyeita ni mwingine. Aliyeitika ni yeye.

Wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: mtoto aweza kufundishwa nyumbani akajua mengi, wala si vibaya. Lakini rafiki hafundishwi. Mtoto hufunguliwa mlango akamtafute. Nawe mtoto, ukishaita, nyamaza kidogo. Huenda yuko hapo chini, anafungua mdomo.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa Kidawa. Mimi nimekwisha kuita. Sasa nanyamaza.