Mwandiko wa Mwalimu Yonazi

Ukitaka kuujua ubao, keti nyuma. Ndivyo Mwalimu Mkuu alivyowaambia leo kikaoni, na nyinyi walimu wageni mkabaki kutazamana. Sasa mmekuja kuniuliza mimi, kwa kuwa mmesikia nilikuwa katibu wa kamati ya kwanza ya shule hii na kwamba bado nina meno ya kusimulia. Meno ninayo. Methali hiyo ilizaliwa hapahapa Kiranjo, katika lile jengo refu mnalolitumia kama bwalo, na mambo yalikwenda hivi.

Zamani watoto wetu walisoma ng'ambo ya mto. Masika yakiingia, mto ulifunga njia na masomo yalifungwa nao, na mtoto aliyekuwa amejifunza kusoma alirudi darasani akiwa amesahau. Tuliomba shule yetu, tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri mpaka vijana wakaota ndevu. Ndipo Mzee Senzighe, mwenyekiti wetu, aliposema kwamba shule haishuki usiku kama umande, akapuliza pembe ya msaragambo. Kwa nyinyi mliotoka mbali, msaragambo ni kazi ya wote huku Upareni. Pembe ikilia, kila nyumba hutoa mtu, na asiyetokea hupata tabu siku yake ya shida.

Kiranjo ina vitongoji vitatu: Juu, Kati na Bondeni. Tukagawana jengo vipande vitatu, kila kitongoji kijenge chake na kukiezeka kwa mabati yake. Haki kabisa, au siyo? Watu wa Juu wakajenga. Watu wa Kati wakatazama, wakaona wakijenga kipande cha urefu uleule watasemwa kuwa wachache, wakaongeza. Watu wa Bondeni wakauliza, kwani sisi tumeokotwa? Wakawapita wote. Fundi alipojaribu kulalamika aliambiwa ashike mwiko wake, mawe si yake. Tulipomaliza tulikuwa na chumba kimoja chembamba, kirefu kama zizi la ng'ombe wa chifu, na ubao mmoja huko mwisho, upande wa Juu. Tulicheza ngoma siku ile. Nawaambia, hakuna watu waliowahi kulifurahia kosa lao kama sisi.

Halafu tukaongeza la pili juu ya la kwanza. Kila mzazi alitaka mwanawe akae chini ya mabati ya kwao. Basi watoto wa Juu walikaa mbele, wa Kati katikati, na wa Bondeni nyuma kabisa, karibu na mlango.

Walimu walikuwa wawili. Mwalimu Nampombe, mama mwenye maneno machache, aliwafundisha wakubwa katika ghala la zamani la kahawa. Mwalimu mkuu alikuwa Yonazi Mgonja, mzaliwa wa hapa, aliyeacha nafasi nzuri katika shule kubwa ya mjini akaja kuanza na sisi tusio na kitu. Huyo ndiye aliyefundisha wadogo katika jengo refu. Nilimpenda sana mtu yule, na nampenda hata sasa akiwa kaburini. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na macho yake yaliweza kumwona kima shambani ng'ambo ya bonde kabla mbwa hajabweka.

Na mwandiko wake! Herufi ndogo, nyembamba, zimelala upande mmoja kama mtama uliopitiwa na upepo. Wageni walipokuja tuliwapa viti mbele, karibu na ubao, nao walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Sisi wa kamati tulikaa hapohapo pamoja nao, tukizipokea sifa kana kwamba chaki tulishika sisi.

Mwaka wa pili ikaonekana kwamba watoto wa Juu wanasoma, wa Kati wanababaisha, na wa Bondeni hawajui kitu. Maneno yakaanza. Huko Juu walisema watoto wa Bondeni wana vichwa vizito. Mwalimu Yonazi hakusema hivyo, alisema ni wavivu, lakini kwa mzazi tofauti iko wapi? Mwalimu Nampombe alikuja mbele ya kamati akaomba watoto wachanganywe, wasikae kwa vitongoji. Tulimjibu kwamba suala la vipande lilishapita kikaoni. Alitutazama tu, akarudi ghalani kwake.

Asubuhi moja tukasikia nyundo. Watu wakatoka mbio, tukadhani wezi. Tulipofika shuleni tuliwakuta wanaume wa Bondeni juu ya paa, ngazi imeegeshwa ukutani, bati moja limeshashushwa chini na la pili linang'olewa misumari. Chini ya ngazi alisimama Mama Nakijwa, mjane aliyekuwa msemaji wa Bondeni, amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

"Tunachukua chetu," alituambia. "Mabati ni yetu, na watoto ni wetu. Wakiwa wajinga, wawe wajinga nyumbani, wapate angalau kuchunga."

Mwajua maana yake? Zaidi ya theluthi ya paa ilikuwa inaondoka, na watoto wengi kuliko hapo, maana Bondeni walizaa. Tena afisa elimu alikuwa amekwisha kutuonya kwamba watoto wakipungua, kibali cha shule kitafutwa. Yaani nyundo ile ilikuwa inang'oa shule nzima. Mzee Senzighe aliwanyoshea fimbo akiwaamuru washuke, nyundo zikaendelea.

Mwalimu Yonazi akatoka darasani, chaki mkononi. Alikuwa na hasira, lakini hakupaza sauti.

"Mama Nakijwa, shikamoo. Kabla hujaezua, ingia uone mwenyewe. Somo la leo liko ubaoni, jipya, nimeliandika sasa hivi. Nitamsimamisha mtoto wenu mmoja, na nitawanyamazisha wote wa mbele. Ukiona kosa langu, ezua, nami nitakushikia ngazi."

"Marahaba. Na nikiona kosa la mtoto?"

"Uwashushe watu wako, uniachie shule yangu."

Tukaingia. Kamati kwa mazoea ikaelekea kwenye viti vya mbele. Mwalimu hakutufuata, alikwenda moja kwa moja hadi nyuma, mahali palipokuwa peupe kwa sababu ya bati lililotolewa, na Mama Nakijwa akaenda naye. Akamsimamisha msichana mmoja mdogo, Naetwe.

"Naetwe, soma ubao."

Mtoto akatazama mbele, kisha akasema kwa sauti ya kuimba, "Mama analima mahindi."

Watoto wa Juu wakaangua kicheko. Ubaoni palikuwa pameandikwa, "Mbuzi wa babu amekata kamba." Yale ya mama na mahindi yalikuwa ya jana.

"Umesikia?" Mwalimu Yonazi alimgeukia Mama Nakijwa. "Ubao unasema lake, mtoto anasema lake. Nifanye nini zaidi mimi? Nimwingizie herufi kwa kijiko?"

Nilimwona Mama Nakijwa akiinama. Alikuwa hajui kusoma hata herufi moja. Yule mwanamke alikuwa ameshindwa, na alijua kwamba ameshindwa mbele ya watu wa Juu, na hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Akamshika Naetwe begani.

"Basi, Mwalimu, msomee," alisema taratibu. "Keti hapo pake, umwonyeshe neno kwa neno, ajue alipokosea. Ukimaliza nitawaita watu wangu washuke."

Ombi dogo. Mwalimu Yonazi akaketi kwenye benchi la Naetwe, magoti yakamfika kidevuni, akainua macho kuutazama ubao wake.

Akakodoa macho.

Sisi mbele tulingoja. Tulidhani anatafuta sauti ya kufundishia. Akakunja uso, akasogeza kichwa kushoto, kisha kulia, kisha akainuka kidogo akaketi tena. Nyundo juu ya paa zilikuwa zimetulia, na wanaume wa Bondeni walikuwa wakichungulia kupitia tundu walilolifungua wao wenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Maneno yale alikuwa ameyaandika yeye, asubuhi ileile. Aliyajua kwa moyo. Angefumba macho akasema "Mbuzi wa babu amekata kamba," nani angejua? Mama Nakijwa asingejua. Watoto wa nyuma wasingejua. Sisi wa mbele tungepiga makofi. Paa lingebaki, shule ingebaki, na heshima yake ingebaki juu ya kichwa chake. Hata uongo usingekuwa, maana maneno yalikuwa ndiyo hayo hayo.

"Siyaoni," akasema Mwalimu Yonazi.

Mzee Senzighe alisimama haraka, kama mtu aliyeona mtoto akielekea motoni. "Wageni hawakuelewa," akasema kwa mazoea, ingawa hapakuwa na mgeni hata mmoja. "Mwalimu amepigwa na jua machoni. Si mnaona bati limetolewa?"

"Jua linanipiga kisogoni, Mwenyekiti, si machoni."

"Basi ni uchovu. Mwalimu, usijitie aibu bure. Ubao wetu unasifiwa na kila mtu! Mimi mwenyewe nakaa hapa kila siku ya wageni, na sijaona kasoro."

"Unakaa hapo," alisema Mwalimu Yonazi. "Ndiyo sababu. Baba yangu, ukitaka kuujua ubao, keti nyuma."

Sikuwahi kusikia mtu akimwambia mwenyekiti neno kama lile, na kwa upole kiasi kile. Mzee Senzighe alitutazama sisi wanakamati, nasi tukatazama viatu vyetu. Kisha akaokota fimbo yake, akatembea urefu wote wa jengo tulilolijenga kwa kushindana, na mwendo ulikuwa mrefu kweli. Naetwe akamsogelea mwenzake kumpisha. Mzee akaketi, akatazama mbele, akatazama sana. Alikuwa anasoma vizuri, huyo, alisoma mpaka magazeti.

"Kuna mistari," akasema mwisho. "Kama nyayo za kuku."

Hapakuwa na mtu aliyecheka. Mwalimu Yonazi alimgeukia Naetwe. "Kwa nini hukuniambia kwamba huoni?"

Mtoto alishangaa kuulizwa. "Wote wanasema ni mwandiko mzuri, Mwalimu."

Maskini yule mtoto. Angeanzaje kumwambia mwalimu mkuu kwamba kazi yake inayosifiwa na wazee haionekani? Hivyo ndivyo tulivyowalea, na si vibaya kuwalea hivyo. Watoto wa nyuma walikuwa wakisikiliza wa mbele wakisoma, wanakariri sauti, na kesho yake wanairudisha. Kukariri namna hiyo miaka miwili bila kuona herufi, mimi nawaambia, vichwa vile havikuwa vizito hata kidogo.

Mwalimu Yonazi alikwenda mbele. Kwanza alifuta ubao wote. Kisha akawaita wanaume wa Bondeni, akasema, "Shukeni na nyundo zenu, hapa zina kazi." Wakaung'oa ubao ule upande wa Juu, wakaupigilia katikati ya ukuta mrefu, na benchi zikageuzwa zote ziutazame. Mtu mmoja wa Juu akadai kwamba kipande chao kimeporwa ubao.

"Ukuta ni wenu," Mwalimu akamjibu. "Watoto ni wa shule."

Akamtuma mtu ghalani kumwita Mwalimu Nampombe, akamwomba mbele yetu sote awapange watoto kama alivyokuwa ametaka tangu mwanzo. Mama yule hakusema "niliwaambia." Aliwashika watoto mikono mmoja mmoja, wa Bondeni akamweka karibu na wa Juu, wa Juu karibu na wa Kati, mpaka hakuna aliyejua yuko chini ya bati la nani. Mwalimu Yonazi akachukua chaki akaandika upya. Herufi zilikuwa kubwa, mbaya, zimenyooka kama miti ya uzio. Kwa kila neno aliloandika alikwenda kuketi benchi la nyuma, akalitazama, akarudi akaandika jingine. Alipomaliza alikuwa ametoka jasho.

"Naetwe, soma."

Ilichukua muda. Alisoma akipapasa, herufi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "M... bu... zi. Mbuzi. Wa. Ba... bu." Hakuna aliyemsaidia. Alipofika kwenye kamba alikuwa anapiga kelele.

Mama Nakijwa hakujua kama mtoto amesoma sawasawa. Alimtazama Mwalimu Yonazi usoni, akaona anajifuta macho kwa mkono wenye chaki, akajua. Akatoka nje, akawaelekea wanaume wake.

"Rudisheni bati," aliwaambia. "Na mpigilie vizuri, mvua ziko karibu."

Basi tangu siku ile mwenye madaraka yeyote katika shule hii, awe mwalimu mkuu, mwenyekiti au mkaguzi kutoka wilayani, hapewi kiti cha mbele. Wageni wengine hununa. Wanune tu, shule imesimama mpaka leo, na nyinyi mmekuja kuomba kazi kwetu.

Kesho mtashika chaki. Jana nilipita nikawaona mkifanya mazoezi ya kuandika, na mwandiko wenu ni mzuri, nawasifu. Lakini sifa zangu msizitegemee sana, wanangu, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele. Ukitaka kuujua ubao, keti nyuma.