Kibanio cha Kitanda Namba Sita

"Usipoandika ujualo, utafundishwa ujualo." Wanafunzi wa uuguzi waliposikia msemo huo, walimuuliza Mama Eliaichi, muuguzi mstaafu, umetoka wapi. Akawaambia ulianza hivi.

Muuguzi Nakijwa alikuwa na wagonjwa wasioweza kujigeuza, na ndugu waliowahudumia wengi hawakujua kusoma. Akachora kadi, kila moja yenye picha tatu: ubavu wa kushoto, mgongo, ubavu wa kulia. Akazitundika vitandani pamoja na vibanio vya nguo. Ukishamgeuza mgonjwa, unahamishia kibanio kwenye picha ya alivyolala. Vidonda vya mgongoni vikapungua. Daktari mmoja mgeni asubuhi moja alisimama kitanda namba sita, akaitazama kadi yake, akasifu, akaenda zake.

Miaka minne baadaye Nakijwa akajiunga na masomo ya jioni ya stashahada. Mwalimu Kibwana akagawa makala kutoka jarida la tiba. Lo! Kadi ni yake, kibanio ni chake, hata kitanda namba sita ni cha wodi yake. Jina la mwandishi ni la yule daktari. Tena amekosea: anasema kibanio kihamishwe kwanza, ndipo mgonjwa ageuzwe.

Kwenye mtihani, swali la kadi, Nakijwa aliandika ajuavyo: kugeuza kwanza. Akapewa sifuri.

"Mwalimu, hapa nimekosa nini?"

"Soma makala, mama. Kibanio kwanza."

"Kikitangulia, nawe ukaitwa kitanda kingine kabla hujageuza, kinadanganya! Mzee wa watu anaoza mgongo, kadi inasema amegeuzwa!"

"Umeyajuaje hayo?"

"Kadi hiyo nimeichora mimi, kwa kalamu za rangi za mwanangu!"

Darasa likacheka. "Haya, profesa wa vibanio!"

Kibwana hakucheka. "Mbona hukuandika?"

"Miaka mitatu chuoni mlinifundisha kujaza chati na kutandika shuka pembe zikae sawa. Nani alinifundisha kuandika makala? Mlinifundisha kunyamaza!"

Juma lile Kibwana akaanza kuwafundisha kuandika makala. Nakijwa akasali, "Bwana, usiniondolee hasira hii kabla sijamaliza." Jarida lilimrudishia makala yake mara mbili. Mara ya tatu likaichapa, kwa jina lake.

Kibwana akachukua karatasi ya mtihani aifute ile sifuri. Nakijwa akamshika mkono.

"Iache, Mwalimu. Wanaokuja nyuma waione. Usipoandika ujualo, utafundishwa ujualo."