Ufa Chini ya Fedha

Imetufikia kutoka kwa waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Yemeni alikuwepo sonara mcha Mungu aitwaye Suhaim. Siku moja Amiri wa mji ule, mtu mkali asiyechezewa, alimletea jiwe la yaspi alilorithi kwa mama yake. Lilikuwa jekundu, lenye mshipa mweupe katikati, na mfano wake haukuwahi kuonekana mjini. Akamwambia, "Nitilie kwenye pete ya fedha. Likidhurika, mkono wako hautafua tena."

Kazi ile ina adabu yake. Sonara hutandika nta kwanza chini ya jiwe, lipate pa kulalia lisivunjike, ndipo akakandamiza kingo za fedha polepole. Adhuhuri ilipoadhiniwa, Suhaim alikuwa hajatandika nta. Akasema moyoni, nikichelewa nitaikosa safu ya mbele. Basi akakandamiza hivyo hivyo, mbiombio, na jiwe likapasuka ubavuni.

Ufa ule fedha iliufunika wote. Suhaim alikwenda msikitini, na swala yenyewe hakujua ameiswali vipi.

Mkewe, Bi Rumaisa, alipoelezwa akasema, "Mume wangu, ukinyamaza nani atajua? Na kama ni lazima useme, sema ulikuwa unawahi swala. Nani atakukata mkono kwa ajili ya swala?"

"Hilo la pili ndilo linalonitisha zaidi," akajibu.

Akaenda. Akaiweka pete mbele ya Amiri, akasema, "Bwana wangu, nimelipasua. Ufa umejificha chini ya fedha."

Amiri akasimama, walinzi wakasogea. "Ulikuwa na haraka gani?"

Neno la kumwokoa Suhaim lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza, akasema, "Nilikuwa nawahi safu ya mbele. Wala si kwa ajili ya Mola. Watu wamezoea kuniona pale, nami nimezoea kuonwa. Mkono wangu ndio huu."

Amiri akaigeuza pete, akaitazama sana, kisha akaivaa na kuketi.

"Rudi kazini kwako," akasema. "Nimezungukwa na watu wanaoniambia kila kitu ni kizima. Hii nitaivaa hivi hivi."

Ndugu zangu, kukiri kosa ni kazi, lakini kuitaja sababu yake ya kweli ndiko kunakotoa jasho. Sisi tukibanwa kidogo tu, mbio kujifunika dini. Mola atujaalie ulimi wa Suhaim, kabla ya siku tutakayoulizwa sote.