Udongo Mwekundu wa Mghanga

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na kaburi.

— Kaburi la nani?

La mwanamke aliyesubiri. Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa.

Hapo kale aliishi mrina asali, jina lake Mghanga. Alimwoa Mkawasi huko mlimani, wakapata mtoto mmoja, Mwakio. Mtoto alipoanza kutambaa, Mghanga alishuka bondeni kutundika mizinga. Hakurudi. Alioa huko mke mwingine, Wakesho, akazaa naye binti, akasahau njia ya mlimani. Na njia yenyewe ilikuwa moja tu.

Miaka ishirini ikapita. Mkawasi akafa.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Mke hazikwi mpaka udongo wa kwanza utoke mkononi mwa mumewe. Mume hazikwi mpaka udongo wa kwanza utoke mkononi mwa mwanawe wa kwanza. Utoke mkononi. Mmesikia?

— Tumesikia.

Mwakio alimlaza mama yake mkekani, akawaambia majirani, "Chimbeni. Nitarudi kabla jua halijazama." Akashuka bondeni.

Aliwakuta uani wanakula.

"Hodi!"

"Karibu, mgeni," akasema Wakesho.

"Mimi si mgeni, mama. Mimi ni Mwakio, mwana wa Mghanga."

Wakesho akamgeukia mumewe. "Uliniambia hukuwahi kuoa."

"Simjui huyu," akasema Mghanga, tonge mkononi.

"Baba, mama amekufa. Njoo umtupie udongo."

"Simjui."

"Mama, ana masikio ya baba!" akasema Saru, yule binti mdogo.

"Nyamaza, kula!"

"Baba, sitaki shamba. Sitaki hata mzinga mmoja. Nataka mkono wako, mara moja tu."

"Nimesema simjui!"

Mwakio akatazama jua. Limeshapita utosi. Akajua hatakuja. Basi akarudi nyuma hadi kwenye matuta yaliyolimwa asubuhi ile, akakunjua shuka yake, akaanza kucheka.

"Jamani, mrina gani huyu? Nyuki hawaogopi, anamwogopa mkewe!"

Mghanga akamtupia tonge.

"Mwoga! Ulimkimbia mtoto anayetambaa!"

Mghanga akaja mbio, akamtupia fimbo.

Mwakio akaacha kucheka. "Mama alikufa akiuliza kama umekula."

Mghanga akainama. Akachota udongo konzi tele, akamtupia mwanawe usoni.

Mwakio hakukwepa. Akatandaza shuka. Akakung'uta nywele, akakung'uta nyusi, akakung'uta mabega. Akafunga fundo.

"Asante, baba. Umemzika mkeo."

Mghanga akautazama mkono wake. Wakesho naye akautazama, kisha akakisogeza chakula mbali naye.

Jioni ile Mkawasi akazikwa. Juu ya udongo mweusi wa mlimani palikuwa na doa jekundu, udongo wa bondeni. Lakini Mwakio hakuumwaga wote. Nusu aliifunga tena, akaitundika ukutani.

Mvua mbili zikanyesha. Siku moja asubuhi mtoto akasimama mlangoni, miguu imejaa vumbi. Alikuwa Saru.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekula?"

Saru akatikisa kichwa. Mwakio akampa kiazi, akangoja amalize.

"Baba amekufa," akasema Saru. "Leo siku ya pili amelala tu. Mama anasema uje."

"Mama yako ananijua?"

Saru akatazama chini. "Mimi ninakujua."

Mwakio akaliangua fundo kutoka ukutani. "Kinga kitambaa chako."

Akachota ule udongo mwekundu, akautupa kitambaani kwa mkono wake.

"Huo ndio udongo wa kwanza. Umetoka mkononi mwangu. Hakuna wa kuwazuia."

"Huji nami?"

"Siji."

"Mama akiniuliza umeutoa wapi?"

"Mwambie ni wa uani kwenu. Baba aliniazima."

Saru akashuka, kitambaa kifuani. Hivyo ndivyo Mghanga alivyozikwa: kwa udongo aliomtupia mwanawe usoni, ukabebwa na mtoto mwenye masikio yale yale.

Hadithi nimeitua hapa chini. Anayeitaka aiokote. Asiyeitaka apite kando, asiikanyage.