Mboji Iliyochekechwa Ingali Moto

Hapo zamani, enzi ambazo chekeche lilisukwa kwa fito na hakuna aliyejua waya wa dukani, palikuwa na boma moja mlimani lenye chemchemi moja tu. Sogeeni karibu. Na wewe unayenong'ona huko nyuma, sikiliza vizuri, maana wewe ndiye nitakayekuuliza wa kwanza.

Kando ya chemchemi hiyo kila mtu alikuwa na tuta lake. Mkamburi, mama mwenye boma, alikuwa na lake, na ndilo lililojaza chungu cha wote. Mwanawe Mwakio alikuwa na lake, na alilitunza kama mboni ya jicho, kwa sababu huko kwao mwanamume asiye na tuta la chemchemi hapewi mke. Mkaza mwana, Mghoi, alipewa lake alipojifungua mtoto. Mumewe, kaka yake Mwakio, alikuwa amekwenda mbali kuchunga ng'ombe, hajarudi, na mtoto alikula kilichotoka kwenye tuta hilo, basi.

Mwaka huo jua liliwaka hata mchicha ukakauka shinani. Mbegu za ngogwe, zile nyanya chungu, zilizobaki zilijaa kiganja tu, nazo zilikuwa ndani ya kibuyu cha Mkamburi. Hizo zikiharibika, hakuna nyingine.

Asubuhi ya kusia mbegu, mawingu yakatanda. Mghoi akasema, "Mama, si tungengoja kesho, tufanye kazi bila haraka?"

Loo! Mkamburi alikuwa ameamka na kisirani chake. "Tangu uingie hapa mdomo wako haupumziki! Leo nataka mikono yako tu. Kazi yako kuchekecha, si kusema!"

Neno lile lilimuuma Mghoi sana.

Mwakio akatumwa mboji. Lundo lao lilikuwa na pande mbili: upande wa zamani, mboji imeiva na kupoa, upande mpya, ndani bado inafukuta. Alipofika akakuta siafu wamejaa upande wa zamani. Akatazama mawingu, akatazama siafu, akachota upande mpya. Akaimwaga mbele ya Mghoi na kukimbilia maji.

Mghoi akashika chekeche. Cheke, cheke. Maganda ya ndizi ambayo hayajaoza yakabaki juu, akayatupa nyuma ya ua. Chini ikashuka mboji nyeusi, laini kama unga. Akaingiza vidole. Moto!

Mboji ya moto huunguza mche, hilo alilijua tangu kwa mama yake. Akainua kichwa. Mkamburi alikuwa amesimama pale pale, kibuyu mkononi.

"Mbona umeacha kuchekecha?"

Mghoi akafungua mdomo. Akayakumbuka yale ya asubuhi, hasira ikampanda.

"Si kitu, mama," akasema.

Cheke, cheke. Akachekecha mpaka mwisho, akaijaza mboji kitaluni.

Sasa, desturi yao ni hii: mwenye mbegu, kabla hajasia, huzamisha mkono kwenye kitalu mpaka kiwiko, aisikilize mboji kama bado ina joto. Mkamburi akainama. Akaona jinsi ilivyo laini. Tone la mvua likamwangukia shingoni. Akasia mbegu zote bila kuzamisha hata kidole.

Miche ikachomoza, boma zima likashangilia. Kisha ikageuka manjano. Kisha ikalala chini yote, usibaki hata mmoja. Mkamburi akaifukua mboji kwa mikono, akaikuta bado ina joto, akaketi pale pale akalia.

Ng'ambo ya mlima aliishi Wakesho, mwanamke aliyekuwa na mbegu. Akaja na kibuyu mkono mmoja, kigingi mkono wa pili. "Mbegu nitawapa," akasema, "lakini nataka tuta moja la chemchemi liwe langu. Nionyesheni nichomeke wapi kigingi changu. Msimu haungoji."

Malemba, baba mwenye boma, akawaita wote watatu chemchemini. "Aliyeua mbegu ndiye atakayetoa tuta. Semeni."

Mwakio akasema, "Baba, mboji mbichi niliichota mimi, sikatai. Lakini niliimwaga na maganda yake yote. Hata kipofu angejua ni changa. Ni chekeche lililoificha, si mimi."

Mkamburi akasema, "Sikuzamisha mkono, ni kweli. Lakini niliona imechekechwa na Mghoi. Mdomo wake nimeutukana mara nyingi, mikono yake sijaitilia shaka hata siku moja. Niliiamini mikono hiyo."

Mghoi akahisi machozi. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala. Hakuna aliyejua kwamba alilisikia lile joto. Angeweza kusema, "Mimi nilichekecha tu kama nilivyoagizwa," na maneno yakaishia hapo.

"Niliusikia moto," akasema. "Vidoleni, mama, ukiwa umesimama mbele yangu. Uliniambia nisiseme, nami sikusema. Nilikuwa na hasira."

"Kumbe ulijua!" Mkamburi akapiga ukelele. "Ulijua, ukaniacha nisie!"

"Shemeji, kwa nini hukuniita hata mimi?" Mwakio akauliza.

"Ningekuita vipi? Uliimwaga ukakimbia, hukuniambia umechota upande gani!"

Malemba akamtazama mkewe, akamtazama mwanawe, akamtazama mkaza mwana na mtoto mgongoni. Akajishika kichwa. Wakesho akanyanyua kigingi, akasema, "Basi, wapi?"

Haya, wewe uliyekuwa ukinong'ona. Mmoja alileta mboji mbichi akaenda zake. Mmoja alimziba mwenzake mdomo, kisha asizamishe mkono. Mmoja alijua akanyamaza, kisha akasema kweli ambayo hakuna aliyemdai. Je, kigingi kichomekwe kwenye tuta la nani?