Jisu la Chui Lililometa

Hapo zamani za kale, enzi zile Chui akiwinda kwa jisu huku kucha zake kazipaka hina, mvua ilikataa kunyesha. Ilikataa kabisa! Wewe unayecheka hapo, nyamaza. Kiu si mchezo.

Basi siku moja Chui akamwendea fundi Kindi, yule mdogo mwenye maneno mengi.

"Hodi! Nifulie jisu la porini. Liwe refu, zito, la kukata kuni na kuchuna nyama. Nitaanza na Digidigi, yule mama wa kule kichakani."

Moyo wa Kindi ukafanya paa! Digidigi alikuwa jirani yake. Waliombana chumvi, na watoto wake walimwita mjomba. Angekataa? Chui angemtafuna yeye kwanza. Akasema, "Karibu, bwana mkubwa."

Mivukuto ikalia vuu! vuu! Nyundo ko! ko! ko! Chuma chekundu kikazamishwa kwenye mafuta, chwaaa! Akalitia mpini wa mpingo.

"Sasa bwana, niliache na weusi wake wa moto, au niling'arishe?"

"Liache jeusi. Mwindaji hujificha."

"Lo! Jeusi kama sufuria ya maharage? Mtu mzito kama wewe! Wenzako watakuonaje?"

Chui akajikuna shingo. "Haya, ling'arishe basi."

Kindi akacheka kimoyomoyo. Digidigi ni mwoga, hata kivuli chake humtoa mbio. Akiona kitu kinameta kwa mbali, atakuwa kashafika ng'ambo! Akasugua kwa mchanga, akasugua kwa majivu, mpaka jisu likawa kama kioo. Lakini Kindi hakumwambia Digidigi neno. Alitaka kwenda kujisifu baadaye. Ndivyo alivyokuwa, anapenda sifa.

Kesho yake, jua likizama, Chui akanyata na jisu lake. Likameta, mwaa! Swala wakatimka. Kanga wakatimka.

Digidigi alikuwa na watoto wake, ndimi nje kwa kiu. Akauona mwanga ule nyuma ya vichaka.

"Wanangu! Radi! Mvua hiyo inakuja!"

"Mama, mbona hakuna ngurumo?"

"Itafuata. Kaeni hapa, nikawakingie maji."

Akachukua kibuyu, akakimbia. Jamani, hakukimbia kujiokoa. Alikimbilia kule kule kwenye mwanga.

Kindi aliposikia ukelele, akashuka mtini mbio. Akamkuta Chui anafuta jisu kwa majani.

"Fundi, mkono wako una baraka!" Chui akamwambia. "Jisu hili linaita nyama lenyewe."

Kindi akaenda kichakani kwa wale watoto.

"Mjomba! Umeiona ile radi?" watoto wakamrukia. "Mama kapata maji?"

Akawakumbatia, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Yangu yameishia hapo, wanangu: ukipanga hila ya kumwokoa mwenzako, mwambie na yeye.